Jirani Aliyetutangulia Clarkston

Ukimwelekeza mtu njia Clarkston, unaanza na reli: kabla hujavuka, au ukishavuka. Treni za mizigo zinazopita hapa ni ndefu, na ikitokea moja imesimama njiani, watu wanazima magari na kusubiri. Hapo ndipo utakapotuona vizuri. Mama wa Kisomali na mtandio wake mrefu, wazee wa Kinepali na kofia zao za kitambaa, kijana wa Burma ameshika baiskeli, Mmarekani Mweusi ametoka zamu ya usiku ameegemea usukani, na katikati yao mama wa Kikongo, mtoto mgongoni, kitenge kimekazwa sawasawa.

Mji wenyewe ni mdogo. Uko jimbo la Georgia, kaunti ya DeKalb, kilomita 16 hivi mashariki ya katikati ya Atlanta. Eneo lake halifiki maili mbili za mraba. Mtu mwenye miguu mizuri anauzunguka asubuhi moja na kurudi kupika. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya 14,000, na karibu nusu yao tumezaliwa nje ya Marekani.

Mimi nilifika Oktoba 2016. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, Kongo. Mwaka 1996 tulivuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita, nikiwa na miaka 11, tukapokelewa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Humo nilisoma, nikaolewa, nikazaa. Nilipotoka nilikuwa na miaka 31, nikiwa na mume wangu, mama yangu mzazi na watoto wawili. Tulishuka uwanja wa ndege wa Atlanta usiku, mume wangu ameukumbatia ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wenye karatasi zetu zote, maana tuliambiwa tusiuachie hata chooni.

Aliyetupokea ni mfanyakazi wa shirika, yule tunayemwita kesiwoka. Alikuwa mpole, ila amechoka. Akatufikisha kwenye apatimenti ya ghorofa ya juu, akatuonyesha vitanda, akatuonyesha wali na kuku kwenye friji, akampa mume wangu funguo na kusema atarudi kesho saa nne. Akaondoka. Tukabaki watano tumesimama sebuleni na makoti, hakuna aliyethubutu kukaa kwenye kiti.

Ndipo tukasikia mlangoni: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu cha Marekani isipokuwa hodi. Mume wangu alinitazama. Mama yangu, ambaye tangu Dar es Salaam hakuwa amesema neno, akajibu kwa sauti ya nyumbani kabisa: "Karibu!"

Akaingia mwanamke wa makamo, kanga begani, sufuria ya maharage mkono mmoja na ugali uliofunikwa kwa sahani mkono wa pili. "Poleni na safari," akasema. "Mimi ni jirani yenu, mlango wa chini. Nimesikia viatu vya watoto juu ya dari, nikajua wageni wamefika."

Alikuwa Mrundi. Akampigia mama yangu magoti kidogo kumwamkia, akatusubiri tule, kisha akanishika mkono kunipeleka jikoni. Lilikuwa jiko la umeme, lile la vyuma vilivyojikunja kama nyoka. Akawasha, chuma kikawa chekundu. Akazima, kikarudi kuwa cheusi.

"Dada, tazama hapa. Hakuna moto unaouona, lakini likiwa jeusi hivi bado linaunguza. Waambie watoto: rangi nyeusi hii si ya kuiamini."

Kisha akapanda kiti, akabonyeza kengele ya moshi iliyoko darini. Ilipiga kelele kama mnyama aliyekanyagwa. Mtoto wangu mdogo, wa miaka mitatu, akaanza kulia. Yule mama akamchukua, akambeba, akabonyeza tena. "Alie nayo sasa akiwa mikononi mwangu," akasema, "ili siku ugali ukiungua asikimbilie barabarani."

Akatutoa wote nje, akauvuta mlango ukajifunga wenyewe, akatuonyesha kwamba bila ufunguo haufunguki tena. Alikuja na kamba ya kiatu mfukoni kwa ajili hiyo. Akaupitisha ufunguo, akauvisha shingoni mwa mama yangu. Mwisho akatukalisha na kutufundisha anwani. Mama yangu hajui kusoma. Yule Mrundi akamfundisha kwa Kiswahili, kama wimbo: namba ya nyumba, jina la mtaa, Clarkston, Georgia, tatu sifuri sifuri mbili moja. Akarudia naye mpaka saa saba ya usiku. "Mama, ukipotea popote, imba hivyo. Mtu yeyote atakuleta."

Miezi mingi baadaye nilimuuliza kwa nini alijisumbua vile. Yeye ni wa wale Warundi waliokimbia mwaka 1972, wakazeeka kwenye kambi za Tanzania, na Marekani ikaanza kuwachukua mwaka 2007. Alifika Clarkston bila jirani anayemwelewa. Usiku wa pili walitoka nje kutazama barabara, mlango ukajifunga, na wakalala kwenye ngazi yeye na watoto wanne, wakiogopa kugonga mlango wa mtu. "Nilipoona mwenye nyumba anafungua asubuhi kwa dakika moja," aliniambia, "nikaapa kwamba mgeni anayefika kwenye jengo langu hatalala kwenye ngazi."

Nimeishi hapa muda wa kutosha kuona kwamba mji wote umejengwa hivyo, kwa mtu aliyetangulia hatua moja. Clarkston ilianza kama kituo cha reli ya kutoka Atlanta kwenda Augusta, ikasajiliwa kuwa mji mwaka 1882. Kwa muda mrefu ilikuwa mji wa Wazungu wa kipato cha kawaida. Miaka ya 1970 zikajengwa nyumba nyingi za kupanga kwa ajili ya wafanyakazi wa Atlanta. Wapangaji wale walipohamia mbali zaidi, vyumba vikabaki vitupu, kodi ikashuka, na mashirika ya wakimbizi yakaona nafasi: nyumba nafuu, basi lipo, Atlanta iko karibu. Wakaja Wavietnam na Wakambodia. Baadaye Wabosnia, Wasomali, Wasudan, watu wa Burma, Wabhutani wenye asili ya Nepali, Warundi, sisi Wakongo, Wasiria, Waafghani.

Wenyeji hawakuulizwa, na ukweli huo lazima usemwe. Bibi mmoja Mzungu wa nyumba ya kona aliwahi kuniambia kwamba alilala mtaa wake ukiwa na majirani anaowajua majina, akaamka hawezi kumsalimia mtu. Hakulisema kwa chuki. Alikuwa anaeleza msiba. Nilimwelewa kuliko alivyodhani, kwa sababu mimi pia najua kuamka kwenye mji usioujua. Watu wake wengi walihama. Waliobaki wakajifunza polepole, na wengine kwa kulazimika. Mwaka 2006 mpira wa miguu ulipigwa marufuku kwenye uwanja wa mji, na vijana wa kikimbizi wakakosa pa kuchezea. Habari ile ilifika magazeti ya nchi nzima. Leo ukienda uwanjani jioni utakuta mpira.

Kisa ninachokipenda ni cha duka la vyakula. Wateja wa zamani walipohama, mwenye duka alikaribia kufunga. Mfanyakazi wake mmoja, Mvietnam, akamshauri alete vyakula wanavyokula hawa wapya. Mwenye duka akasikiliza, na duka likapona. Kanisa la Kibaptisti la mji nalo waumini walipungua, likabadilisha jina likawa Clarkston International Bible Church na kuwafungulia milango wanaosali kwa lugha zao. Mimi nilipofika 2016 nilikuta sombe, yaani kisamvu, kwenye friza za maduka, na dagaa wakavu kwenye mifuko. Niliusimamia ule mfuko wa dagaa nikinusa. Nani aliwaambia wenye maduka kwamba kuna watu duniani wanataka dagaa? Kuna mtu alitangulia akauliza.

Kiswahili ndicho kilichonifunza zaidi, na sikukitarajia. Katika jengo letu kulikuwa na Wabembe kama mimi, Wafuliiru, Wanyamulenge (Watutsi wa milima ya Kivu Kusini), Warundi Wahutu na Warundi Watutsi. Kulikuwa na mzee wa Kisomali Mbantu ambaye nyumbani kwake wanaongea Kizigua, lugha ileile ya Tanga, kwa sababu babu zake walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanzania hadi mto Juba, wakaishika karne nzima na zaidi. Huyu mzee akisikia Kiswahili husimama kusikiliza, kama mtu anayesikia jina la ukoo wake.

Mwaka 2017 familia ya Kinyamulenge ilihamia mlango unaotazamana na wetu. Mume wangu alipoteza kaka yake kwenye vita vya kwetu. Sitaandika hapa nani alimuua nani; kila upande, sisi Wabembe na wao Wanyamulenge, una makaburi yake, na nimechoka kuyahesabu. Nitasema tu kwamba kwa wiki tatu hatukusalimiana. Milango ilisikilizana, ukifunguka huu, ule unasubiri.

Kilichotuvunja ni kuku. Wakimbizi wengi hapa kazi ya kwanza huwa kiwanda cha kuku, Gainesville, mwendo wa saa moja hivi kaskazini. Tunasema tu "kuku": anafanya kuku, ameacha kuku. Siku 90 za mwanzo za msaada wa shirika zinakwisha upesi, kodi inakusubiri, na deni la tiketi za ndege lipo. Sisi watano tulidaiwa zaidi ya dola 5,000. Kwa hiyo unakwenda kuku. Nilifanya miaka miwili. Unasimama kwenye baridi kama ya friji, kisu mkononi, nyama inapita mbele yako, unafanya mkato uleule maelfu ya mara. Usiku vidole vyangu havikukunjuka. Mama yangu alivikanda kwa maji ya moto kimoja kimoja, kama alivyonikanda nilipojifungua.

Bila gari hufiki Gainesville, na kwenye jengo letu mwenye gari la watu saba na leseni alikuwa yule Mnyamulenge. Mume wangu alikataa wiki nzima. Halafu kodi ikakaribia, akapanda, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Walikwenda hivyo miezi miwili, salamu tu na nauli ya wiki. Usiku mmoja wa Januari gari likazima barabarani wakirudi, saa nane, baridi imeng'ata. Walilisukuma pamoja mpaka pembeni, wakangoja kwa muda wa saa tatu wakiwa ndani, na walikuwa na blanketi moja. Aliporudi asubuhi aliniambia jambo moja tu: "Yule bwana anakoroma kama kaka yangu."

Mpaka leo hawajawahi kuzungumza habari za Fizi kwetu na Minembwe kwao. Najua, kwa sababu nimeuliza. Lakini mtoto wao alipozaliwa, mume wangu ndiye aliyempeleka mama hospitali, na mama huyo ana ufunguo wa nyumba yetu. Watu wanaokuja kutuandikia habari wanapenda kusikia kwamba tumesameheana. Mimi sipendi kulitumia neno hilo hovyo. Tulikuwa na lugha moja na gari moja, na vyote viwili tulivihitaji kila siku.

Tarehe 28 Januari 2021 gesi ya naitrojeni ilivuja kwenye kiwanda kimoja cha Gainesville ikaua watu sita. Nilikuwa nimeshaacha kuku. Siku ile simu zililia kwenye jengo letu kuanzia chini hadi juu, kila mtu akimtafuta wake. Nilisimama kwenye ngazi na jirani yangu Mrundi mpaka magari ya watu wetu yalipoingia moja moja. Tuliwahesabu kwa taa za magari.

Kosa langu lililoniuma zaidi ni la barua. Kambini, karatasi yenye jina lako ni jambo kubwa: majina yanabandikwa ubaoni, watu wanakimbia. Hapa sanduku la barua linajaa kila siku, karatasi za rangi, picha za piza, mikopo ya magari. Nilizoea kuzitupa zote. Mwaka 2018 mtoto wangu mkubwa alibanwa na pumu, tukafika zahanati, na dirishani nikaambiwa bima yake ilikatika miezi miwili iliyopita. Barua ya kuiendeleza ilikuja. Niliitupa pamoja na piza. Nililipa dawa ya kuvuta kwa pesa ya kodi, na nililia kwenye basi mpaka dereva akaniuliza kama niko salama.

Baada ya hapo tukaanzisha meza ya barua. Jumapili jioni, chumbani kwa yule mama Mrundi, kila mtu anakuja na mfuko wake, watoto wanaosoma Kiingereza wanakaa katikati, wanatusomea. Bahasha yenye dirisha la plastiki haitupwi kamwe. Ilitusaidia mno, lakini haikuwa safi, na nalisema ili wengine wasirudie. Binti yangu alikuwa na miaka 10. Siku moja alimsomea mama wa watu notisi ya kuhamishwa, akajua deni la nyumba ile kabla ya baba mwenye nyumba kujua. Usiku akaniuliza: "Mama, wale watalala wapi?" Hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Tangu hapo barua za pesa, za mahakama na za hospitali watoto hawazigusi. Tunatafuta mtu mzima, kanisani au maktaba. Mtoto akijua Kiingereza kuliko wazazi hageuki kuwa mzazi.

Mwalimu wangu mwingine ni mwanamke Mweusi Mmarekani, mstaafu, wa mtaa wa pili. Sisi wa kanisa la Waswahili huwa tunapanda Stone Mountain alfajiri ya Pasaka. Ni jiwe moja kubwa, jirani kabisa na Clarkston, na ubavuni limechongwa viongozi watatu waliopigania majimbo yaliyoshikilia utumwa, wakiwa juu ya farasi. Nilimwalika aje nasi. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama najua kilichotokea juu pale mwaka 1915. Sikujua. Akanieleza kwamba ndipo Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatesa na kuwaua Weusi, ilipofufuliwa, kwa kuchoma msalaba. Miaka mitatu nilikuwa nikiimba haleluya mahali ambapo watu wake walitafutiwa mauti. Akaniambia pia kwamba Martin Luther King, kwenye hotuba yake ya Washington mwaka 1963, aliutaja mlima huo kwa jina alipoomba uhuru usikike kila mahali. Mwaka uliofuata alikuja. Hakupanda. Alikaa chini ndani ya gari lake na chupa ya chai, akatusubiri, na tuliposhuka akamimina chai kwa kila mmoja.

Yeye ndiye aliyenisikiliza maswali ya uraia, yote 100 ya wakati ule, ingawa siku ya mahojiano ulikuwa unaulizwa yasiyozidi 10. Niliapa mwaka 2022. Novemba 2023 nilipiga kura ya kwanza maishani, ya mji huu mdogo. Huko Kongo nilikuwa mtoto. Tanzania nilikuwa mgeni. Nilishika ile karatasi ya kibandiko waliyonipa nikaibandika kwenye Biblia ya mama.

Waafghani walipoanza kufika mwishoni mwa 2021, jengo letu likapata familia mbili. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Nilisikia viatu vya watoto juu ya dari, maana tulikuwa tumehamia chini, nikachukua sufuria ya wali nikapanda. Nilionyesha jiko kwa mikono. Nilipanda kiti, nikabonyeza kengele. Mtoto wao akalia, nikamchukua. Kamba ya kiatu nilikuwa nayo mfukoni.

Sasa darini hapasikiki viatu vipya. Januari 2025 serikali ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kesiwoka niliowafahamu wamepoteza kazi. Mdogo wangu wa tumbo moja bado yuko Nyarugusu na mumewe na watoto watatu. Mahojiano walishamaliza, vipimo vya afya walishapimwa, na mchakato umesimama walipofikia. Kila akipiga simu ananiuliza kama kuna habari, na kila mara namjibu ukweli.

Mama yangu hangoji habari. Jumapili baada ya meza ya barua anachukua simu yangu, anampigia mjukuu wake wa miaka sita, na kumfundisha. Mtandao wa kambini unakatika, anapiga tena. Wiki iliyopita nilikuwa naosha vyombo nikamsikia mtoto akiimba peke yake kutoka ng'ambo, bila kusaidiwa: namba ya nyumba, jina la mtaa, Clarkston, Georgia, tatu sifuri sifuri mbili moja. "Tena," mama akasema.